Tembe za maumivu: geuzeni pakiti msome jina dogo kabla ya kumeza (uzi mrefu)

Mkomani_Dawa (mwanzisha uzi), Lamu

Salaam aleikum ndugu zangu wa Amu (Lamu), Malindi na mwambao wote.

Nafungua uzi huu kwa jambo ninaloliona kila siku nikiwa nyuma ya kaunta ya duka la dawa hapa mjini. Mtu huja akasema, "Nipe Panadol mbili, ile ya mafua mbili, na kama una Brufen nitilie nazo." Nikimuuliza ni za nani, zote ni zake na zote ni za leo. Nikimuuliza amemeza nini tangu asubuhi, hutaja nyingine mbili alizonunua duka la mtaani. Mtu huyu si mzembe. Anaumwa, ana kazi inayomngoja, na hakuna aliyewahi kumkalisha akamweleza kwamba majina yote aliyoyataja huenda ni dawa mbili tu.

Dawa za maumivu zinazouzwa bila cheti cha daktari ni neema. Nazitumia nyumbani kwangu na nawapa wanangu. Madhara ninayoyaona hayatokani na ubaya wa dawa. Yanatokana na mtu kumeza dawa ileile mara mbili kwa majina mawili, au kumeza dawa njema katika maradhi yasiyoitaka. Nisomeni kwa subira.

Chukua pakiti yoyote uliyo nayo nyumbani uigeuze. Jina kubwa la rangi lililo mbele ni la biashara, kila kampuni ina lake. Chini yake au nyuma, kwa herufi ndogo, kuna jina la dawa yenyewe na kiasi chake kwa miligramu. Panadol ya kawaida imeandikwa Paracetamol 500 mg. Panadol Extra ni Paracetamol 500 mg ileile, imeongezwa kafeini 65 mg. Brufen ni Ibuprofen. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake, na tembe nyingi za kichwa zinazouzwa madukani ni mchanganyiko: parasetamoli na kafeini, nyingine na aspirini juu yake. Hesabu ya dawa hufanywa kwa jina hilo dogo.

Parasetamoli kwanza. Mtu mzima wa kilo 50 kwenda juu humeza tembe moja au mbili za miligramu 500, kisha hungoja angalau saa nne, na sita ni bora, kabla ya kurudia. Kwa saa 24 asipite tembe nane, yaani gramu 4. Nane hizo ni jumla ya kila chenye parasetamoli alichomeza, pamoja na ile ya mafua. Aliye mwembamba sana, aliyekaa siku nyingi bila kula sawasawa, mwenye maradhi ya ini au anayekunywa pombe kwa wingi, kiwango chake ni kidogo zaidi, aulize kwanza.

Sababu ni ini. Sehemu kubwa ya parasetamoli husafishwa huko bila taabu, lakini sehemu ndogo hugeuka sumu. Ini lina akiba ya kuizima sumu hiyo. Dawa ikizidi, akiba huisha na sumu huanza kuua chembe za ini. Linalonitia hofu ni kwamba siku ya kwanza mtu huenda asihisi chochote, au ahisi kichefuchefu tu akadhani ni chakula. Maumivu chini ya mbavu za kulia na macho kugeuka manjano huja siku za baadaye. Ipo dawa ya kuliokoa ini, inaitwa asetilisisteini, na hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa nane tangu mtu alipozidisha. Kwa hivyo aliyezidisha asingoje kuumwa. Aende hospitali na pakiti mkononi, hata kama anajiona mzima. Sisi wa visiwani saa nane ni chache: mtu wa Kizingitini au Ndau lazima atafute boti kwanza.

Kundi la pili ni ibuprofeni, aspirini na diklofenaki. Majina ni matatu, ukoo ni mmoja. Zote huzuia mwili kutengeneza kemikali zinazoleta maumivu na uvimbe, na kemikali hizohizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo na kuisaidia damu kufika kwenye figo. Ndiyo maana huchoma tumbo, huleta vidonda, na kwa mtu aliyekaukiwa na maji huumiza figo. Ibuprofeni ya kujinunulia ni miligramu 200 hadi 400, mara tatu kwa siku, isipite 1,200 kwa siku nzima, pamoja na chakula, na kwa siku chache tu. Usichanganye wawili wa ukoo huu. Parasetamoli na ibuprofeni zaweza kutumika pamoja. Ibuprofeni na diklofenaki, hapana.

Asizimeze bila kuuliza mwenye vidonda vya tumbo, mwenye presha, ugonjwa wa moyo au wa figo, mwenye pumu aliyewahi kubanwa kifua baada ya kuzimeza, na anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda kama warfarini. Mjamzito, kuanzia wiki ya 20, aziache isipokuwa daktari wake amemwandikia. Zinaweza kudhuru figo za mtoto aliye tumboni, na katika miezi mitatu ya mwisho zinaweza kufunga mapema mshipa ulio karibu na moyo wake, unaotakiwa kubaki wazi mpaka azaliwe. Mama mjamzito dawa yake ni parasetamoli, kwa kiasi kidogo kinachomtosha.

Sasa linalotuhusu sisi wa pwani hasa. Waliokuwapo Amu mwaka 2004 hawajasahau. Kulikuwa na ukame, maji yakawekwa majumbani bila kufunikwa vizuri, mbu wakazaliana humo, na chikungunya ikaupitia mji. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba watu watatu katika kila wanne kisiwani walikuwa wameambukizwa. Wapo waliotembea wameinama kwa maumivu ya viungo muda mrefu baada ya homa kwisha. Mbu yuleyule, Aedes, hubeba pia dengue, na dengue imekwisha kuzuka pwani yetu zaidi ya mara moja. Siku za mwanzo maradhi haya mawili huwezi kuyatenganisha kwa macho: homa kali, kichwa, viungo, mgongo. Lakini dengue inaweza kumtoa mtu damu, na aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huongeza hatari hiyo ya kutokwa na damu. Kwa hivyo homa ambayo haijajulikana ni ya nini, meza parasetamoli peke yake, kunywa maji kwa wingi, kapimwe. Mpaka uambiwe si dengue, usiguse Brufen, na usiombe sindano ya diklofenaki.

Dengue ina hila nyingine: hatari yake kubwa huja homa inaposhuka, siku ya tatu mpaka ya saba, wakati watu wa nyumbani wameanza kushukuru. Mgonjwa akishikwa na tumbo kali, akatapika mfululizo, akatoka damu kwenye fizi au puani, akawa mnyonge kupita kiasi, apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Na parasetamoli hushusha homa ya malaria lakini haimgusi mdudu wa malaria. Mtu ametoka Witu au Mpeketoni, anachemka, anapewa tembe mbili, anapoa, jioni anachemka tena, anapewa mbili nyingine. Siku zinapita hivyo. Kipimo cha malaria ni tone la damu na dakika kama ishirini.

Nimeishia hapa kwa sasa. Ulizeni, nitajibu nikifunga duka.

---

Bint_Langoni

Jazakallah kheri kaka. Hili la homa ningelijua zamani. Swali langu ni la mtoto. Wangu ana kilo 12. Nina chupa mbili za dawa ya maji, zote zimeandikwa Paracetamol. Moja nilinunua hapa, nyingine shangazi yake alimletea kutoka Mombasa. Namkadiria kijiko cha chai. Ni sawa?

Mkomani_Dawa

Dada, soma namba iliyo pembeni ya jina. Chupa nyingi za watoto ni 120 mg kwa kila mililita 5. Lakini zipo za 250 mg kwa mililita 5, za watoto wakubwa, na hiyo ni zaidi ya maradufu. Chupa zaweza kufanana hata rangi ya kisanduku.

Mtoto huhesabiwa kwa kilo zake: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, mara moja kila baada ya saa nne hadi sita, isipite mara nne kwa siku. Wa kilo 12 basi ni miligramu 120 hadi 180. Kwa chupa ya 120 hiyo ni mililita 5 hadi 7.5. Ukimpa mililita 7.5 hizohizo kutoka chupa ya 250 umempa miligramu 375, kiasi cha mtoto wa kilo 25. Ukimkosea hivyo mara nne kwa siku, siku mbili tatu, mtoto yuko hatarini na wewe unaamini unamtibu.

Kijiko cha chai cha jikoni kiache. Kila nyumba ina vijiko vyake, kimoja kinachukua mililita 3, kingine 7. Tumia kikombe kidogo au sirinji isiyo na sindano inayokuja na dawa. Kama imepotea njoo dukani uombe nyingine.

Mengine ya watoto: aliye chini ya miezi mitatu akiwa na homa hana dawa ya nyumbani, huyo ni hospitali. Ibuprofeni usimpe mwenye tetekuwanga, wala anayeharisha na kutapika mpaka midomo imekauka. Aspirini usimpe kabisa.

Bint_Langoni

Nimetazama. Ya Mombasa ni 250. Nimeiweka juu ya kabati, Alhamdulillahi bado sijaifungua.

---

Nahodha_Amu

Sisi twatoka alfajiri, jua la kaskazi latupiga hata alasiri, mayi ya kunywa ni haba chomboni. Kuvuta nyavu mgongo wakatika, kitwa chauma. Vijana wote wana Brufen mfukoni, wazimeza na mate, hawajala kitu tangu usiku. Wengine wazimeza kabla hata ya kuumwa, ati ni kinga. Nimewaonyesha uzi huu hawajaamini. Waambie wewe.

Mkomani_Dawa

Nahodha wangu, naomba uwasomee hili kwa sauti.

Figo hufanya kazi kwa damu inayozifikia. Mtu akitoka jasho kutwa na hanywi maji, damu inayofika huko hupungua, na mwili hutumia zile kemikali nilizotaja kuiacha mishipa ya figo wazi. Brufen huziba njia hiyo ya kujiokoa. Jua, kiu na Brufen vikikutana, figo zaweza kuathirika hata kwa kijana mwenye misuli. Anaweza asijue mpaka aone mkojo umekuwa mchache na mweusi kama kahawa. Na tumbo tupu ni nyongeza: kiungulia, kisha kidonda, kisha siku moja choo cheusi kama lami, ambayo ni damu iliyotoka tumboni. Hiyo ni dharura, boti igeuze pwani.

Ibuprofeni haikingi maumivu ya kuvuta nyavu. Inayafunika tu, kijana akazidi kuvuta juu ya mshipa ulioumia. Chukueni dumu moja zaidi la maji, hata kama nafasi ni ya barafu. Aliye na maumivu akiwa baharini ameze parasetamoli na maji. Ibuprofeni aingoje afike, ale, anywe maji, akojoe, ndipo ameze. Na mgongo unaouma mpaka ganzi inashuka mguuni, au mtu anashindwa kuzuia mkojo, huo usitulizwe kwa tembe yoyote. Huyo apelekwe hospitali ya King Fahd akatazamwe.

Nahodha_Amu

Nimewasomea. Mmoja alikuwa na habari ya choo cheusi wala hakumwambia mtu. Yeo nampeleka mwenyewe.

Mkomani_Dawa

Mungu akulipe. Asimeze nyingine hata moja, na chukueni pakiti aliyokuwa akimeza mkamwonyeshe daktari.

---

Kaunta_Malindi

Nami nafanya kazi ya dawa huku Malindi, naunga mkono kila neno, na nina ya kuongeza.

La kwanza ni sindano. Huku mtu akiumwa kiuno, hasa madereva wa tuktuk wanaokaa kutwa, huja akasema, "Tembe zinanichoma tumbo, nipige sindano." Anaamini sindano inaruka tumbo. Haikwepi. Diklofenaki ikiingia kwa sindano hupita kwenye damu, na kupitia damu inafika kwenye tumbo na figo vilevile. Tena kwa mwenye ugonjwa wa moyo au aliyewahi kupooza, diklofenaki ina hatari yake pekee. Tangu 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya imesema watu hao wasipewe. Hii ni dawa ya kuandikiwa.

La pili ni wazee wa presha. Wengi wanatumia enalapril au losartan, na juu yake tembe ya kukojosha. Wakiumwa magoti, mtoto anawaletea Brufen kwa mapenzi. Dawa hizo tatu kwa pamoja ni mzigo mkubwa kwa figo, na Brufen huipandisha presha ileile inayoshushwa na nyingine. Nimeona mzee anabadilishiwa dawa ya presha mara kwa mara kwa kuwa "haifanyi kazi", na hakuna aliyeuliza anameza nini kwa ajili ya magoti. Ukimpeleka mzazi kliniki, beba kila tembe anayomeza ndani ya mfuko mmoja, hata za dukani, hata unga wa miti shamba.

La tatu: aspirini ndogo ya miligramu 75 ambayo daktari amemwandikia mtu kwa ajili ya moyo, huyo asiisome hapa akaiacha. Ile ni ya kuzuia damu isigande kwenye mishipa ya moyo na ubongo. Kuiacha kwa hofu ni hatari. Lakini ajue kwamba ibuprofeni inaweza kuizuia isifanye kazi yake, basi kwa maumivu atumie parasetamoli, na akishikwa na homa kali amweleze daktari kwamba yuko kwenye aspirini.

---

Mzee_Shela

Assalaam aleikum. Wanangu, nasoma nachoka. Sisi tulipewa aspirini na mama zetu tukiwa wadogo, tulipona, tumezeeka nayo. Siku hizi kila kitu kina sumu. Mnawatisha watu mpaka mtu atakaa na maumivu yake usiku kucha.

Mkomani_Dawa

Waaleikum salaam ami. Maneno yako nayachukua, na kweli sitaki mtu akeshe na maumivu. Aliye na kichwa na hana lolote katika niliyoyataja ameze tembe zake mbili za parasetamoli, anywe maji, alale. Hana la kuogopa.

Kuhusu aspirini kwa watoto, mama zetu hawakukosea, kwa sababu wakati ule madaktari wenyewe walikuwa wakiitoa duniani kote. Baadaye ikaonekana kwamba watoto wachache wenye mafua au tetekuwanga wakipewa aspirini hushikwa na maradhi yanayovimbisha ubongo na kuharibu ini, yanaitwa ugonjwa wa Reye. Ni wachache, lakini ni maradhi ya kuua. Uingereza mwaka 1986 walisimamisha aspirini kwa walio chini ya miaka 12, na 2002 wakapandisha mpaka 16. Ukiwa na dawa nyingine inayoshusha homa bila hatari hiyo, ami, huna haja ya kumpa mjukuu aspirini.

Nawe mwenyewe tumbo lako likoje? Unazimeza mara ngapi kwa juma?

Mzee_Shela

Kila siku moja, baada ya Isha. Kwa ajili ya magoti. Kiungulia kipo lakini nimekizoea.

Mkomani_Dawa

Ami, hicho usikizoee. Kwa umri wako tumbo linaweza kutoka damu bila maumivu makubwa. Naomba mmoja wa vijana akulete dukani au hospitali na hizo tembe, tuzitazame, upimwe presha na wingi wa damu. Magoti yana njia nyingine. Kuna dawa ya kupaka ya diklofenaki, na hii ya kupaka kidogo sana ndiyo inayoingia kwenye damu, ndiyo maana kwa goti huwa salama kuliko tembe. Lakini hata hiyo tuizungumze kwanza nikijua unatumia nini jingine.

---

Mwana_Faza

Acheni niseme la kwetu. Binamu yangu aliumwa jino. Daktari wa meno ni safari, akasema atangoja mpaka mwisho wa mwezi. Akameza Panadol mbili mara nne kwa siku. Jino halikutulia, akaongeza tembe za kichwa zilizokuwa nyumbani. Kisha mafua yakamshika, akaongeza ya mafua. Siku ya nne akaanza kutapika, tukadhani samaki. Macho yalipobadilika rangi ndipo tukampakia boti. Alipona, kwa uwezo wa Mungu, lakini alilazwa muda mrefu.

Mkomani_Dawa

Pole ndugu, na ahsante kwa kusema. Jino ndilo linalowaingiza watu wengi katika hatari hii, kwa sababu linauma usiku na mchana na haliponi kwa tembe. Tuhesabu: mbili mara nne ni gramu 4, keshafika mpaka. Tembe za kichwa, tuseme zina 500 kila moja, mbili kwa siku, gramu 5. Za mafua nne, gramu 7. Siku baada ya siku. Na kila pakiti peke yake hakuvuka maelekezo yake.

Jino likiuma, na huna vidonda vya tumbo wala yale mengine, ibuprofeni baada ya chakula pamoja na parasetamoli kwa kipimo chake hutuliza vizuri kuliko parasetamoli nyingi. Shavu likivimba, ukashindwa kufungua kinywa au kumeza mate, au homa ikaja, usingoje mwisho wa mwezi.

Tena watu wasikimbilie ya pili. Parasetamoli huchukua nusu saa mpaka saa nzima kufanya kazi. Wengi huongeza dozi baada ya dakika ishirini kwa kuwa "haijashika".

---

Duka_Wiyoni

Mimi nina duka la kawaida, si la dawa. Wateja wanataka mbili mbili, nakata kwa mkasi. Kuna ubaya?

Mkomani_Dawa

Ndugu, tarehe ya kwisha muda huwa imechapwa upande mmoja wa karatasi ya tembe. Ukikata kutoka upande huo, zilizobaki hazina tarehe, na wakati mwingine hazina hata jina. Anza kukata upande usio na tarehe, mwenye kununua mwisho ndiye apate kipande chenye tarehe. Na mteja muulize swali moja tu: leo umemeza nyingine? Unaokoa watu kwa swali hilo.

Usiziweke dirishani wala juu ya friji inapotoa joto. Hewa yetu ina unyevu na joto, na aspirini haipendi unyevu, huvunjika. Ukifungua ikanuka siki, tupa.

---

Ukhty_Mwalimu, Malindi

Nina mawili. Ramadhani kichwa kinanipasuka siku za mwanzo kila mwaka, nameza tembe za kichwa daku na futari. Na nje ya Ramadhani nameza karibu kila siku, shule ina kelele, naona bila hizo siwezi kusimama darasani. Pakiti imeandikwa parasetamoli, aspirini na kafeini.

Mkomani_Dawa

Mwalimu, ahsante kwa kusoma pakiti.

La Ramadhani: mwenye kunywa kahawa au chai ya rangi vikombe vingi, akikata ghafla, kichwa humshika kati ya saa 12 na 24, na kinaweza kuendelea siku kadhaa, hata tisa. Juu yake kuna kiu. Anza kupunguza kahawa taratibu mwezi wa Shaaban, kikombe kimoja kimoja, na kunywa maji kati ya futari na daku badala ya kuyabugia yote mara moja. Daku meza parasetamoli tupu. Yenye aspirini kwa tumbo litakalokaa tupu kutwa, hapana.

La pili ndilo kubwa. Tembe za kichwa zenyewe huweza kuleta kichwa. Anayemeza za mchanganyiko kama zako siku kumi au zaidi kwa mwezi, au parasetamoli pekee siku kumi na tano au zaidi, kwa zaidi ya miezi mitatu, anaweza kuingia katika maumivu ya kila siku yanayosababishwa na dawa. Asubuhi anaamka nayo, anameza, yanatulia, kesho yanarudi.

Ukhty_Mwalimu

Ndivyo ilivyo hasa. Kila nikiamka. Sasa nipunguze au niache mara moja?

Kaunta_Malindi

Dada, tuko mji mmoja, nijibu mimi. Kwa tembe za aina hii huachwa mara moja, zote, kwa mwezi mmoja. Lakini ujue kichwa kitazidi kwanza, siku mbili mpaka kumi, kisha kitaanza kulegea. Usianze wiki ya mitihani. Kahawa nayo ipunguze polepole, usiikate siku ileile. Kabla hujaanza pima presha na macho, maana kichwa cha kila siku huwa na sababu yake, na kama ni kipandauso zipo dawa za kukizuia zisizokuwa za maumivu. Andika kwenye daftari siku kichwa kinapouma na kwa kiasi gani, uende nalo kwa daktari.

Usingoje daftari wala mwezi kama kichwa kitakuja ghafla kwa nguvu usiyowahi kuiona, au kikaja na homa na shingo kukakamaa, au ukapoteza nguvu upande mmoja, au maneno yakakataa kutoka. Hapo ni hospitali, usiku au mchana. Na kama una mimba iliyopita miezi mitano, kichwa kikali na macho kuona nyotanyota ni dalili ya presha ya ujauzito, nenda upimwe siku hiyohiyo.

Ukhty_Mwalimu

Mimba sina. Shule inafungwa mwezi huu, nitaanza hapo. Kesho napita nipimwe presha.

---

Bint_Langoni

Na sisi wa maumivu ya mwezi mmetusahau?

Mkomani_Dawa

Hatujawasahau dada. Maumivu ya hedhi yanaletwa na kemikali zilezile zinazozuiwa na ibuprofeni, kwa hivyo hapo huwa inafaa kuliko parasetamoli. Meza 400 baada ya kula mara tu maumivu yanapoanza, usingoje yakulaze, kisha mara tatu kwa siku kwa siku mbili au tatu. Masharti ni yaleyale ya tumbo, pumu na figo, na uwe na uhakika huna mimba. Yakizidi mwezi hadi mwezi, au damu ikiwa nyingi kupita kawaida yako, nenda ukatazamwe.